Mchuzi wa kimchi na nguruwe: ulipika kimchi ambayo haijafikia umri

Msomaji wa Arusha ameniandikia hivi: "Nilinunua chupa ya kilo moja ya kimchi, ile kabichi ya Kikorea iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, nilipokuwa Dar, nikaifungua nyumbani, kesho yake nikapika mchuzi wake, kimchi jjigae, na nusu kilo ya kitimoto. Mchuzi ulitoka mwekundu lakini hauna kitu, kama maji ya pilipili yaliyopitiwa na kabichi. Nikaongeza gochujang, ile rojo ya pilipili ya Kikorea, vijiko vitatu, ukawa mzito kama uji na una utamu wa ajabu. Kabichi ilibaki inakatika kama mbichi na nyama ilikuwa ngumu. Nusu ya chupa bado ipo kwenye friji. Nilikosea wapi? Mama mkwe hali nguruwe, naweza kumpikia? Na kimchi ikiniishia, kabichi yetu ya kawaida inafaa?"

Dada yangu, pole na kitimoto yako. Kosa lilifanyika kabla hujawasha jiko: kimchi yako ilikuwa changa. Hayo mengine, pamoja na uji wa gochujang, yalitokea ukihangaika kuokoa sufuria ambayo tangu mwanzo haikuwa na ladha ya kutoa.

Kimchi changa na kimchi kuukuu ni vyakula viwili tofauti. Changa ni ndugu wa kachumbari. Unaila pembeni ya wali na raha yake ni ule mlio wa meno. Kuukuu imekwisha kufanyiwa kazi. Bakteria wa jamii ile ile inayogandisha mtindi na kuchachusha togwa wamekula sukari ya kabichi na kuacha asidi, na wakati huo sosi ya samaki na uduvi wa chumvi waliotiwa ndani wamevunjika polepole hadi wakatoa ile ladha nzito tunayoitafuta kwenye supu ya mifupa. Ukichemsha kimchi iliyofika hapo, nusu ya upishi ilishafanyika ndani ya chupa. Ukichemsha changa, unachemsha kabichi yenye chumvi na pilipili, na ndicho hasa ulichokula.

Wakorea hawakukaa kikao wakabuni mchuzi huu. Mwisho wa vuli, Novemba mpaka mwanzoni mwa Desemba, familia hukusanyika kutia chumvi na viungo kabichi za kutosha majira yote ya baridi. Kazi hiyo huitwa kimjang, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2013 kwa Korea Kusini, kisha 2015 kwa Korea Kaskazini. Zamani kimchi hiyo ilifukiwa ardhini ndani ya mitungi ya udongo. Siku hizi nyumba nyingi zina friji maalumu ya kimchi, iliyoanza kupata umaarufu baada ya Dimchae kuingia madukani mwaka 1995. Ikifika masika, kimchi ya kimjang imekuwa chachu kiasi kwamba watoto hawaigusi. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye sufuria na nguruwe. Ni kiporo kilichopandishwa cheo.

Nami nilijifunza kwa aibu. Nilipika miaka minne kwenye mgahawa mdogo mjini Busan, Korea Kusini, kwa mama mmoja ambaye wateja wote walimwita imo. Imo ni dada wa mama, yaani mama mdogo au mama mkubwa wetu. Shangazi ana neno lake, gomo. (Nilifurahi kukuta watu wengine wanaowatenganisha hao wawili kama sisi.) Mwezi wangu wa pili, imo akiwa sokoni, ndoo ya kimchi ya zamani iliisha. Nikaona nijiongeze: nikachukua ile tuliyochanganya siku tatu nyuma, nikakaanga, nikachemsha, rangi ikatoka safi kabisa, ya kupiga picha. Imo akarudi, akachota kijiko kimoja, akazima gesi. Hakusema neno. Sufuria nzima ikaingia kwenye ndoo ya makombo, na mimi nikatumwa na bakuli kwa jirani kuazima kimchi ya miezi minane. Harufu ilinipokea kabla sijabisha hodi: uchachu, samaki, na kitu kama achari ya embe iliyosahauliwa nyuma ya kabati.

Basi harufu ndiyo kipimo cha kwanza. Cha pili ni macho: kimchi iliyoiva vizuri hupoteza wekundu wa kung'aa na kuelekea rangi ya tofali, na ule mgongo mweupe wa jani huanza kupitisha mwanga kama kitunguu kilichokaangwa kidogo. Cha tatu ni ulimi. Onja maji yake peke yake. Taya likivutika na jicho likafumba lenyewe, iko tayari.

Huna subira? Kuna njia ya mkato ambayo Wakorea wengi wanaijua na wachache wanaikiri: siki kijiko kimoja cha chai wakati wa kukaanga. Inaleta uchachu, lakini uchachu mtupu, usio na kitu nyuma yake. Kwa jioni moja ya dharura sina ugomvi nayo.

Sasa nyama. Hukusema ulikatiwa sehemu gani, ila nahisi ulipewa mnofu, kwa sababu wauza bucha wengi hudhani mteja wa mjini anaogopa mafuta. Mnofu ukichemka nusu saa unakuwa kamba. Omba tumbo, lile lenye tabaka za nyama na mafuta zikipishana, au bega. Sipendi mnofu kwenye mchuzi huu hata ukiwa wa bure. Sababu si ulaini tu. Wekundu wa pilipili na ukali wake huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo mafuta ya nguruwe ndiyo yanayoivua ladha kutoka kwenye kimchi na kuisambaza sufuria nzima. Bila hayo unapata ulichokieleza: rangi ipo, ladha haipo. Na kwa kuwa tegu wa nguruwe bado wapo kwetu, nunua nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi. Ukiona vijipunje vyeupe kama mchele ndani ya msuli, rudisha bila kubishana. Mchuzi huu unachemka muda wa kutosha, lakini usionje mapema kabla nyama haijaiva.

Kuna jambo la Arusha lenyewe ambalo mapishi ya mtandaoni hayatakwambia. Mji wenu uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 95, si 100. Nyama na mboga zinachelewa. Halafu asidi nayo inaongeza uchelewaji: ile gundi inayoshikilia mboga isisambaratike hukazwa na uchachu. Aliyewahi kutia ukwaju mapema kwenye sufuria ya viazi anajua, vitachemka mpaka jioni na bado ni vigumu katikati. Kimchi kuukuu ni hivyo hivyo. Mapishi ya Seoul yakisema dakika 30, wewe hesabu 45 mpaka 50, moto mdogo, mfuniko umeegeshwa.

Na sufuria? Kama ni zile za alumini tulizonazo karibu sote, weka pembeni. Asidi ikichemka muda huo wote ndani ya alumini, mchuzi unapata ladha ya chuma na sufuria inabaki na doa. Tumia ya stili yenye kitako kizito. Chungu cha udongo kilichozoea moto ni kizuri zaidi, tena ndicho chombo chenyewe. Wakorea huleta mchuzi mezani ukiwa bado unatokota kwenye kichungu cheusi kiitwacho ttukbaegi. Ila usikipeleke kikiwa kikavu kwenye gesi kali, kitapasuka.

Kwa watu watatu au wanne chukua kimchi kuukuu gramu 400, nyama ya tumbo gramu 250, maji ya kimchi yenyewe nusu kikombe (kamwe usiyamwage, ndiyo dhahabu), na maji ya kuoshea mchele vikombe vitatu. Hayo ya mchele si mzaha. Wanga uliomo unaupa mchuzi uzito kidogo na kuushikanisha na mafuta, ule uzito ulioutafuta kwa gochujang. Peta mchele kwanza, mwaga maji ya kwanza yenye vumbi, kinga ya pili.

Ukitaka kupanda ngazi moja, badala ya maji matupu chemsha kwanza dagaa. Nasema dagaa wa baharini, wale wanaochemshwa na kuanikwa Zanzibar. Hao ni jamii moja na dagaa wanaotumika Korea, ambao nao huchemshwa maji ya chumvi kisha kukaushwa. Busan wanajivunia wa Gijang, kwenye bandari ya Daebyeon. Wa Mwanza ni samaki mwingine kabisa, wa ziwani, na harufu yake itauteka mchuzi. Chukua dagaa kumi wakubwa, ng'oa vichwa na utumbo mweusi maana ndio uchungu, wakaushe kidogo kwenye sufuria bila mafuta, tia maji ya mchele, chemsha dakika 10, chuja. Wakorea huongeza na kipande cha mwani mnene wa bahari ya baridi. Usijaribu kuweka mwani wa Zanzibar mahali pake. Ule ni wa aina nyingine, unatoa ute, utapata jeli.

Kupika kwenyewe ni kwepesi. Weka nyama kwenye sufuria kavu, moto wa kati, iache itoe mafuta yake mpaka kingo zianze kubadilika rangi, dakika tano hivi. Tia kitunguu saumu kilichopondwa, punje nne. Tia kimchi uliyoikata vipande vya kuingia mdomoni, na sukari kijiko kimoja cha chai. Sukari si ya utamu, ni ya kuipunguza chachu makali. Kama kimchi yako haijachacha sana, usiitie sukari. Sasa usiwe na haraka. Kaanga dakika saba, nane, mpaka mafuta yaliyo chini yawe ya rangi ya chungwa na kimchi ianze kunata kidogo kwenye sufuria. Punguza moto, nyunyiza pilipili ya Kikorea, ile iitwayo gochugaru, kijiko kimoja cha chakula, geuza kwa nusu dakika tu, maana ikiungua inakuwa chungu na hakuna dawa. Mimina maji ya kimchi, kisha ya mchele. Ukitokota, teremsha moto na uende ukafanye mambo mengine.

Kama huna gochugaru usitie pilipili yetu ya unga kwa kipimo hicho hicho. Gochugaru ni ya chengachenga, ina utamu wa mbali na ukali wa wastani. Yetu ni moto. Changanya paprika vijiko vitatu vya chai na pilipili yetu robo kijiko, ndipo uonje.

Chumvi hujaiweka bado, na sawa. Kimchi na maji yake vina chumvi tayari, na mchuzi utapungua. Mwishoni kabisa onja. Ukipwaya, tia sosi ya samaki au ya soya kijiko kimoja cha chai. Dakika tano kabla ya kuepua panga juu vipande vya tofu vinene kama kidole na majani ya vitunguu yaliyokatwa. Tofu utaipata kwa maduka ya Wachina. Ukiikosa, acha pengo. Nimeona watu wakiweka jibini.

Kuhusu gochujang: hiyo ni pilipili iliyosagwa pamoja na wali wa kunata na unga wa soya iliyochachushwa, halafu ikalazwa. Ina wanga, ina utamu. Vijiko vitatu vya chakula kwenye sufuria moja ni lazima viwe uji. Wapishi wengi hawaitii kabisa kwenye mchuzi huu, na mimi niko upande wao. Ukiipenda, kijiko kimoja cha chai kinatosha.

Hapo ndipo tunaingia kwa mama mkwe. Mpikie sufuria yake tangu mwanzo, usichote yako ukatoa nyama. Wakorea wana mchuzi huu wa jodari wa kopo, na si wa kubahatisha, ni chakula cha kila siku, hasa cha wanafunzi na wanaoishi peke yao. Fungua kopo lenye mafuta, tumia mafuta hayo kukaangia kimchi pamoja na matone machache ya mafuta ya ufuta, chemsha kama nilivyoeleza, na jodari mwenyewe umtie dakika kumi za mwisho asisambaratike. Akipenda samaki mbichi, vibua wawili waliokatwa vipande na kulazwa juu ya kimchi kuukuu, maji machache, ni kitu ambacho Busan wanakila kwa furaha. Jambo moja la kuangalia: gochujang nyingi za dukani hutiwa pombe kidogo ili isiharibike, nayo huandikwa kwenye orodha ya viungo. Soma lebo, au usiitie. Na lebo ya kimchi yenyewe isome pia. Kwa kawaida ni samaki na uduvi tu, lakini yeye atataka kujua.

Kabichi ya kawaida inafaa, ndiyo. Kimchi ya kabichi ya mviringo ipo Korea na ina jina lake. Mwaka 2010 mvua ziliharibu mazao, bei ya kabichi ndefu ikapaa mpaka ikawa habari ya taifa, na Rais Lee Myung-bak akaagiza mezani kwake iwekwe kimchi ya kabichi ya mviringo. Wananchi wakamcheka: nayo ilikuwa imepanda bei karibu sawa na ile. Usichanganye tu na mboga tunayoiita chainizi sokoni, ile ya majani mabichi. Hiyo inakuwa kitu kingine. Kata kabichi ya kilo moja vipande vikubwa kama kiganja cha mtoto, pakaa chumvi gramu 40, iache saa moja na nusu ukiigeuza, suuza mara moja, ichuje vizuri. Pika uji mwepesi wa unga wa mchele kijiko kimoja, upoe, changanya na gochugaru vijiko vinne vya chakula, kitunguu saumu, tangawizi kidogo na sosi ya samaki vijiko viwili. Pakaza, shindilia chupani mpaka maji yapande juu ya kabichi. Ni ngumu kidogo kuliko kabichi ndefu na ina utamu zaidi, kwa hiyo ipe muda zaidi ndani ya chupa na dakika kumi zaidi jikoni.

Tumalizie nusu chupa yako iliyo kwenye friji, maana hiyo ndiyo inayonikera zaidi, kimchi nzuri kukaa tu. Itoe leo jioni. Bonyeza kabichi kwa kijiko safi mpaka izame kwenye maji yake, funika mfuniko bila kuukaza, na weka chupa ndani ya sahani, kwa sababu itapumua na kumwagika. Kwa baridi ya Arusha iache nje siku mbili au tatu. Ungekuwa Dar ningesema moja. Ukiona povu dogo likipanda ukibonyeza, irudishe kwenye friji, kaza mfuniko, na usiifungue kwa wiki tatu. Ikitokea utando mweupe mwembamba juu, usiogope, ni hamira ya porini. Utoe, suuza lile tabaka la juu na upike. Ikiota manyoya, ya kijani au meusi, tupa chupa nzima. Wiki ya tatu onja maji yake kwa kijiko, na taya likivutika, nenda bucha uombe tumbo.